Sarafu Isiyo na Mwaka: kisa cha dinari arobaini za kumbukumbu

Majina ya wahusika, mtaa wa duka na alama nyingine za kuwatambulisha nimeziondoa kwa makubaliano nao. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wahusika, na kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki ni langu. Msomaji asishangae akiniona najitaja mara nyingi.

Usuli

Familia ninayoizungumzia inauza vitambaa Kariakoo. Duka la kwanza lilifunguliwa 1973 katika chumba kimoja cha kupanga, na mwenye duka alikuwa mtu wa Kilwa aliyeingia Dar es Salaam na furushi la kanga begani. Mwaka 2023 duka lilitimiza miaka hamsini. Mwasisi alikwishafariki. Watoto na wajukuu wakaona dua na karamu havitoshi, wakataka kila mmoja katika ukoo awe na kitu cha kushika mkononi. Mtoto wa pili akaleta wazo la sarafu ya dhahabu, na ni yeye pia aliyetaka ifanane na za Kilwa.

Kwa asiyezijua sarafu hizo: masultani wa Kilwa walifua za kwao wenyewe karne kadhaa kabla Mreno hajafika. Nyingi ni za shaba, ndogo, na zimeokotwa kwa maelfu Kilwa na Mafia. Nyingine zilitembea. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, na tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Za dhahabu ni adimu mno. Mtafiti Helen Brown alichapisha habari za vipande vitatu mwaka 1991, na ni vya huyo huyo al-Hasan, sultani aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake.

Mimi kazi yangu ni kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: kadi za harusi, vibao vya misikiti, mara moja moja jiwe la kaburi. Niliitwa kwa ajili ya maandishi, na nilikubali haraka kwa sababu sarafu za Kilwa zina jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili atalipenda. Upande mmoja lipo jina la sultani, upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinaoana kwa vina. Ni mshororo mmoja uliokatwa katikati, nusu ya kwanza (ukwapi) huku na nusu ya pili (utao) kule, na lazima uigeuze sarafu kiganjani ndipo mshororo utimie.

Jambo la pili wakati ule tuliliona dogo. Sarafu zile za shaba hazina mwaka.

Kikao cha kwanza

Tulikutana dukani kwa sonara, Agosti 2023, ghorofa ya chini ya jengo la zamani katikati ya mji. Tulikuwa sita: ndugu watatu, shangazi yao, sonara na mimi. Sonara ni mzee wa kazi hiyo. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, akafungua droo, akatoa kikaratasi cha waridi kama vile wanavyofungia vipuli, akakikunjua taratibu. Ndani palikuwa na pauni ya dhahabu ya Uingereza ya mwaka 1989.

"Hii nayo imeiga ya kale," akasema.

Na kweli imeiga. Pauni tulizozizoea za Malkia Elizabeth zina kichwa chake upande mmoja, na upande wa pili Mtakatifu George juu ya farasi anaua joka. Ile ya 1989 ilimweka malkia mzima kwenye kiti cha enzi, ametazama mbele, fimbo mkono mmoja na tufe mkono wa pili. Nyuma yake kuna ngao yenye taji juu ya waridi kubwa. Mchoraji wake, Bernard Sindall, alikuwa ameirudia pauni ya kwanza kabisa, ile ya Mfalme Henry VII ya mwaka 1489. Ilipita mikononi mwetu sote. Shangazi alisema kiti kile ni kama cha bibi harusi. Mtoto wa pili akauliza kama sisi tutapata mikunjo ya nguo ya aina ile, sonara akamwambia wewe unataka herufi, nguo za nini.

Pembezoni mwa pauni ile pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kumbukumbu ya pauni ya dhahabu, na miaka miwili imewekwa pamoja: 1489 na 1989. Tuliisoma kwa sauti. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wameiweka.

Maamuzi, na tulivyoyafikia

Mjukuu mmoja ni mwanasheria. Alitukumbusha kuwa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 kutoa noti na sarafu ni haki ya Benki Kuu ya Tanzania peke yake. Akatuagiza tusiandike shilingi, tusiweke nembo ya taifa, tusitaje nchi, na risiti ya sonara iseme "kumbukumbu". Yote yakafuatwa. Sisi wenyewe kwa maneno ya mdomo tuliziita dinari tangu siku ile, na ndivyo nitakavyoziita hapa.

Uzito tuliuchukua kwenye dinari ya khalifa Abdul-Malik bin Marwan wa Damascus, ya mwishoni mwa karne ya 7, ambayo ni gramu 4.25. Kuhusu karati palikuwa na maneno. Wanaume walitaka 24 kwa fahari. Sonara akakataa katakata: dhahabu ya 24 ni laini, ukiiweka mfuko mmoja na funguo wiki moja herufi zimelala. Wakaafikiana karati 22, kama pauni, yaani katika kila gramu 100 dhahabu safi ni 91.6, na zilizobaki fedha na shaba nusu kwa nusu ili rangi isivutwe kwenye wekundu. Kwa dinari arobaini hiyo ni gramu 170, na dhahabu safi ndani yake kama 156, ambayo ni aunsi 5.

Ukingo ndio uliogombanisha watu. Sarafu za siku hizi hupigwa zikiwa ndani ya pete ya chuma, kwa hiyo ukingo hutoka mviringo kamili. Za kale zilipigwa wazi, dhahabu ikajitandaza ilivyopenda, na ndiyo maana hakuna mbili zilizo sawa. Mtoto wa pili alitaka ziwe hivyo. Sonara hakupenda. "Watasema mkono ulinitetemeka," alisema. Wakabishana wiki tatu, na malipo yakangoja ubishi uishe. Mwanzoni mwa Oktoba aunsi ya dhahabu katika soko la dunia ilikuwa karibu dola 1,820. Mwisho wa mwezi ikawa imevuka 2,000. Kwa aunsi 5 hiyo ni tofauti ya dola 900 hivi, na katika mambo yote ya kisa hiki ndilo familia ililoelewa bila kuelezwa. Ukingo ukawa wa wazi.

Maandishi yalikuwa yangu. Jina la mwasisi silitaji, inatosha kujua kwamba linaishia kwa "-ani". Upande wa pili nikatunga: *Tegemeo ni Manani*. Mizani nane, yaani silabi nane, vina vinaoana, na Manani ni jina ambalo washairi wetu wamemwita Mungu vizazi na vizazi. Niliandika Kiswahili na si Kiarabu kwa sababu nyepesi: nilitaka mjukuu akisomewa aelewe, asitafsiriwe. Uamuzi huo ulikuja kutuokoa baadaye, lakini sitajisifu kwa hekima ambayo sikuwa nayo.

Kisha mwanasheria akauliza, "Mwaka tunauweka wapi?"

Nikamjibu kwamba za Kilwa hazina mwaka, kwamba tarakimu zitavunja mshororo, na kwamba eneo lenyewe ni la milimita 20 tu. Akanyamaza. Tukakubaliana mwaka, uzito, karati na namba ya kila dinari viandikwe kwenye kadi itakayokaa ndani ya kisanduku. Dinari yenyewe isiseme kitu isipokuwa shairi. Nakumbuka nilivyofurahi.

Kuzifua

Muhuri ulichongwa na karakana ya vyuma barabara ya Pugu, kwa mashine ya kompyuta, kutoka kwenye mwandiko wangu. Nilisahau kuwaambia wageuze. Herufi katika muhuri lazima zichongwe kinyume ili zitoke sawasawa kwenye sarafu, jambo ambalo fundi wa mihuri ya ofisi analijua tangu siku ya kwanza, lakini karakana ile ilikuwa ya vipuri vya magari, na fundi wake hakujua Kiarabu kinaanzia wapi. Jaribio la kwanza, kwenye shaba, likatoka kama maandishi unayoyaona kwenye kioo. Tulichonga mwingine. Hasara ndogo, kicheko kikubwa, tukaendelea.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili za Novemba. Sonara aliyeyusha, akamimina kwenye kalibu, akabana mche wa dhahabu mpaka ukawa bati la unene wa kama robo tatu ya milimita, akakata visahani, akapima kila kimoja. Kilichozidi alikipiga tupa kidogo ukingoni. Kilichopungua alikirudisha chunguni. Vumbi la tupa likaangukia kwenye ngozi aliyoitandika mapajani, wala hakuacha hata chembe. Kisha akavipasha moto vilainike, akakiweka kimoja kati ya mihuri miwili chini ya mashine ya kugandamiza ya jeki, na kijana wake akapampu. Hakuna kishindo. Mtu unategemea kishindo. Ni mlio mdogo tu, kama mtu amevunja bisi, na ukifungua unakuta kisahani kimekuwa na jina la mtu.

Zilipokwisha zote, familia ililalamika kwamba herufi hazisomeki vizuri kwa mng'ao. Sonara akazitia dawa ya salfa iliyoacha weusi hafifu ndani ya mashimo ya herufi, kisha akasugua juu. Zikasomeka. Zikaonekana pia kama zimetoka ardhini, na wote tulisema hivyo kwa kuzisifu.

Hafla ilifanyika Desemba. Kila mtu alipewa kisanduku na kadi. Mihuri ilibaki kwenye droo ya sonara.

Iliyouzwa

Juni 2024 mjukuu mmoja alibanwa na ada ya chuo. Hakumwambia mtu. Alichukua dinari yake, akaiacha kadi kwenye kisanduku kabatini, akaenda kwa sonara mwingine kabisa, Kariakoo. Sonara huyo aliisugua kwenye jiwe lake, akatia tindikali, akaona ni 22, akapima, akalipa shilingi 680,000. Bei ya haki, maana dhahabu iliyomo ilikuwa na thamani ya kama 765,000 siku hiyo.

Kwa kawaida angeiyeyusha. Hakuiyeyusha. Aliniambia baadaye, bila haya, kwamba aliiona "ina sura." Akaiuza kwa dalali kwa 1,100,000.

Dalali alijua kazi yake. Mnunuzi wake, mkandarasi mwenye kupenda vitu vya kale, alinisimulia maelezo aliyopewa, na nilipoyasikia nilibaki kumstahi dalali kwa namna fulani. Alimwambia Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kutoa kodi ya dhahabu mwaka 1502. Kweli. Kwamba dhahabu ile ilitengenezewa chombo cha kanisani kinachoonyeshwa Lisbon mpaka leo, cha mwaka 1506. Kweli. Kwamba Mreno mwingine, Almeida, aliuteka mji mwaka 1505. Kweli. Kwamba vipande vya dhahabu vya sultani Hasan vinavyojulikana ni vitatu. Kweli pia.

"Sasa mzee, hii ni ya nne. Mvuvi wa Songo Mnara kaitoa kwenye mchanga."

Hilo la mwisho tu ndilo la uongo. Bei: shilingi milioni 14.

Mkandarasi si mjinga. Kabla ya kulipa aliipeleka kwa sonara anayemwamini, akasimama pale pale kuangalia. Sonara aliipima kwenye mzani mdogo: gramu 4.25. Akaifunga uzi, akaining'iniza ndani ya glasi ya maji isiguse chini, na mzani ukaonyesha imepungua gramu 0.24. Akagawa: 17.7. Huo ni uzani wa dhahabu ya karati 22. Shaba ya njano ingetoa nusu yake. Mkandarasi akalipa siku ile ile.

Miezi mitatu baadaye alitaka kwenda nayo Muscat kumwonyesha mtu. Rafiki yake akamtahadharisha kwamba kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni cha kulindwa, na hakitoki nchini bila kibali. Hapo ndipo bwana yule alipoanza kukosa usingizi. Ikiwa dinari ni ya kweli, amenunua kitu kilichochimbwa kwa wizi na anataka kukivusha mpaka. Ikiwa ya uongo, ameliwa milioni 14. Akajikuta anaomba iwe ya uongo, aliniambia, ila iwe ya uongo kidogo.

Akampelekea ustadhi mmoja wa madrasa amsomee. Ustadhi alivaa miwani, akaigeuzageuza, akasoma upande wa jina, akanyamaza. Akasoma upande wa pili, kidole kikifuata herufi. Akarudia. Kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Bwana, hii haikusemwa na sultani. Hiki Kiswahili chetu. *Tegemeo ni Manani*."

Akamwonyesha herufi moja. Katika "tegemeo" kuna ga, na Kiarabu hakina ga. Mimi huiandika kwa kafu, herufi ya ka, niliyoiongeza mstari wa pili juu, na huurefusha mstari huo kupita kiasi; ni tabia yangu, watu wameshanisema. Ustadhi alikuwa na kadi ya harusi ya binti yake nyumbani, kazi yangu, yenye mstari ule ule. Simu yangu ikalia kabla ya adhuhuri.

Matokeo

Hakuna aliyekwenda polisi. Kikao cha wazee kilikaa mara mbili. Dalali alisema na yeye aliambiwa tu, kauli ambayo hakuna aliyeiamini wala aliyeweza kuivunja, akarudisha milioni 9 kwa awamu tatu. Sonara wa Kariakoo alirudisha faida yake, shilingi 420,000. Familia iliinunua dinari yake kwa bei ya dhahabu, 765,000. Mkandarasi akabaki na pengo la karibu milioni 3.8, na hasira zake kwangu zaidi kuliko kwa dalali. "Dalali nilimtegemea anidanganye," alisema. "Wewe ndiye uliyenitengenezea uongo wenyewe."

Novemba 2024 familia iliamua dinari zote zirudishwe zipigwe mwaka na namba. Sonara alitengeneza vitoboleo vidogo vya tarakimu, akavigonga kwa nyundo chini ya neno Manani. Kazi ilikuwa mbaya. Bati la unene ule halivumilii nyundo: kila tarakimu iliyoingia upande mmoja ilisukuma kijivimbe upande wa pili, chini ya jina la mwasisi. Dinari mbili za kwanza ziliharibika waziwazi. Zilizofuata aliziwekea madini laini ya risasi chini, zikawa afadhali. Siku hiyo hiyo mihuri ilikatwa kwa msumeno wa umeme mbele ya ndugu watatu.

Uchambuzi

Watu wanaosikia kisa hiki huanza na mjukuu, kwamba kwa nini aliuza. Mimi simlaumu. Dhahabu ya ukumbusho katika mji huu imekuwa akiba siku zote. Bangili ya mama ikibidi inakwenda kulipa hospitali, na dinari inaweza kulipa ada. Aliyebuni kitu cha dhahabu akategemea kwamba hakitauzwa hakubuni kitu, alibuni matumaini. Kosa letu lilikuwa kuweka ukweli wote kwenye kadi. Kadi haiuziki. Siku ya kuuza ndiyo siku kadi inapoachwa kabatini, na ni siku hiyo hasa ndipo inapohitajika.

Kila uamuzi tulioufanya, ukiuchukua peke yake, ulikuwa na sababu nzuri. Ukingo wa wazi ulikuwa heshima kwa mafundi wa kale. Weusi ulikuwa wa kusomeka. Kuacha shilingi na nembo ilikuwa sheria, na mwanasheria alifanya sawa. Lakini tuliyoyaondoa kwa ajili ya sheria moja ndiyo hayo hayo yangeifanya dinari ijulikane kuwa ya juzi mbele ya sheria nyingine. Hatukuwahi kuyaweka maamuzi yote mezani kwa pamoja na kujiuliza mgeni ataona nini. Tungefanya hivyo tungeona tunatengeneza kitu cha kughushi hatua kwa hatua, kwa nia njema.

Uamuzi wa mwaka nauweka kando kwa sababu ulikuwa mbaya hata peke yake. Sultani aliweza kutoandika mwaka kwa sababu alikuwa hai. Sarafu yenye jina lake ilisema ni ya sasa. Kumbukumbu haina mtu hai wa kuisemea. Wafuaji wa pauni ya 1989 walilijua hilo: waliiga kiti, fimbo, waridi na ngao, wakachukua kila kitu cha 1489, kisha wakaweka miaka yote miwili pale ambapo huwezi kuiondoa bila kuharibu dhahabu. Tulikuwa nayo mkononi, tukatazama nguo.

Kuna aliyenipinga kwamba mwaka nao hudanganya, na ana hoja. Reale za Maria Theresa zilizozunguka pwani hii zilikuwa na mwaka 1780 hata zilizopigwa miaka mia na zaidi baada ya malkia huyo kufa, na mpaka leo Austria hufua sarafu za dhahabu ziitwazo dukati zenye mwaka 1915. Lakini hizo zinajulikana. Mfanyabiashara yeyote wa fedha atakwambia. Mwaka unaodanganya kwa utaratibu unaofahamika ni afadhali kuliko ukimya.

Kuhusu jaribio la maji: lilifanyika vizuri sana na lilijibu swali ambalo halikuwa la kuulizwa. Mkandarasi alitaka kujua ni ya lini, sonara akamjibu ni ya nini. Watu wa dhahabu na watu wa mambo ya kale hukaa mitaa tofauti, na dalali huishi katikati yao. Angeanza kwa ustadhi angeokoa milioni zake kwa gharama ya kikombe cha kahawa.

Mihuri kubaki nzima mwaka mzima kwenye droo ni kosa la sonara na letu pia, maana hatukumwambia. Bahati tu kwamba ni mtu mwaminifu. Mtu mwenye mihuri ile na gramu 4.25 za dhahabu angeweza kufua ya arobaini na moja, na hata mimi nisingeijua.

Kilichofanya kazi ni kimoja, lugha. Nimeulizwa kama ningetunga kwa Kiarabu ingekuwaje. Ustadhi angeisoma, angesema ni maneno ya kumtegemea Mungu kama yalivyo kwenye sarafu za Kilwa, na pengine angemwambia mkandarasi mabruki. Familia nyingine imenijia mwaka huu na wazo kama hilo, ya fedha safari hii. Mwaka utaanza kuchongwa kwenye muhuri kabla ya herufi yoyote, na nimewapunguzia bei kidogo kwa sababu mshororo utakuwa mfupi.

Dinari thelathini na tatu ndizo zilizorudi na kupigwa mwaka. Saba hazijarudi. Mbili ziko ng'ambo na wenyewe, moja mwenyewe anasema imepotea, tatu wenyewe hawajibu simu ikiwa mazungumzo ni hayo. Ya saba ni ya shangazi. Aliitia kikonyo, akaifanya kidani, na Idi iliyopita alikuwa ameivaa. Alikataa kata kata isiguswe na nyundo ya mtu. Nilipomsalimia niliinama kidogo kuitazama: fundi aliyemfanyia kazi alihitaji mahali pa kuchomelea, akachagua ukingo wa juu, na dhahabu ya kuchomelea imetambaa ikaifunika herufi ya ga.